Warsha ya uandishi wa kubuni, Mwanga, Kigoma: mafunzo mazuri, usahihishaji dhaifu

Warsha ya uandishi wa kubuni inayofanyika mwishoni mwa juma katika ukumbi mmoja wa Mwanga, mjini Kigoma, imejitwika kazi ambayo kozi nyingi huipitia juu juu, yaani kumfundisha mwandishi chipukizi kutofautisha sauti na toni. Naisifu kwa dhati kwa ufundishaji wake, na nailaumu kwa namna inavyosahihisha miswada.

Mwezeshaji alieleza kwamba sauti ni haiba ya msimulizi, inayotambulika kwa uteuzi wake wa maneno, urefu wa sentensi zake na mambo anayoyaona kwanza. Toni ni msimamo wake wa kihisia kuhusu jambo analolisimulia, nayo yaweza kubadilika ukurasa hadi ukurasa ilhali msimulizi ni yule yule. Wengi wetu tuliwahi kukariri maelezo ya aina hii shuleni kwa ajili ya mtihani. Kilichoipa warsha thamani ni zoezi lililofuata.

Tulipewa tukio linalofahamika kwa kila mkazi wa hapa: mvua kuwanyeshea dagaa walioanikwa mchangani Kibirizi. Kwanza tuliliandika kwa sauti ya afisa uvuvi: "Mvua iliyonyesha alasiri iliharibu sehemu kubwa ya dagaa walioanikwa." Kisha kwa sauti ya mama mchuuzi: "Mvua ikashuka, tukakimbia, tukazoa, tukakosa pa kuwaweka, nikabaki naitazama ada ya mwanangu ikilowa." Ndipo mwezeshaji akatutaka tumwache mama huyo huyo asimulie tukio lile lile mwaka mmoja baadaye, machungu yakiwa yamepoa, akizungumza na wifi yake: "Wifi, mvua ile ikashuka, tukakimbia, tukazoa, tukagongana vichwa; hata wewe ungecheka." Vitenzi bado vinafuatana mbiombio, na mama bado anatanguliza mikono na miguu kabla ya moyo, kwa hiyo sauti haijaguswa, kilichogeuka ni toni. Sijakutana na mfano unaolifafanua jambo hili vizuri zaidi ya huo.

Niliupenda pia muda uliotengwa kwa ajili ya sarufi, kwa kuwa Kiswahili humpa mwandishi nyenzo za toni ndani ya viambishi vyenyewe. Mzee akiitwa kizee hudunishwa au huonewa huruma, na akiitwa jizee hutisha au huchukiza, kabla msimulizi hajatumia kivumishi hata kimoja. Vivyo hivyo, -ka- huyasukuma masimulizi mbele, ilhali hu- huyatuliza na kuyapa sura ya mambo ya kila siku. Mwandishi aliyezoea kurundika vivumishi ili msomaji ahuzunike atatoka hapo akiwa na njia fupi na yenye nguvu zaidi.

Usahihishaji ndio ulioniudhi. Mswada wangu ulirudi kutoka kwa msaidizi ukiwa umefutwa salamu za Kiha, lugha ya Waha wa mkoa huu wa Kigoma, katika mazungumzo ya bibi na mjukuu wake, na pembeni pameandikwa kwamba nitumie Kiswahili sanifu. Huko ni kubomoa kile kile kilichojengwa asubuhi. Kiswahili sanifu kinamfaa afisa na taarifa yake, lakini bibi wa Kasulu akinyang'anywa salamu zake hana tena sauti, na mazungumzo yote huishia kusikika kama yametoka kinywani mwa mtu mmoja. Msaidizi anayepewa miswada ya watu wa mkoa huu anapaswa kulielewa hilo kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Ushairi uligusiwa tu mwishoni, kwa haraka.

Anayeandika hadithi fupi au riwaya aende, tena aende na mswada alioanza kuuandika. Mshairi asubiri hadi watakapompangia kipindi chake. Ada hulipwa kwa awamu na kitini kimo ndani yake. Anayetaka mswada wake usomwe kwa uangalifu aombe mapema usomwe na mwezeshaji mwenyewe.