Sensa au daftari la vizazi na vifo: kipi kinafaa kumfuatilia fundi wa Uskoti?

Tuseme unamtafuta mfumaji wa Paisley, mji wa Uskoti, wa karne ya 19 na watu wa nyumbani kwake.

Kwa kuona nani alilala chini ya paa lake, sensa haina mpinzani. Humtaja hata mwanagenzi na mpangaji. Chukua ya 1851 kwenda mbele: inaonyesha uhusiano na mkuu wa kaya na parokia ya kuzaliwa. Ya 1861 huhesabu hata vyumba vyenye dirisha. Ya 1841 ni ya kusoma kwa tahadhari: haitaji uhusiano, na umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi kigawe cha 5, hivyo wa miaka 29 huandikwa 25. Tatizo kubwa ni pengo la miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa 1852 akafa 1857 hataonekana humo.

Daftari la serikali la vizazi na vifo, lililoanza Januari 1855, humnasa mtoto huyo. Hati ya kifo hutaja wazazi wote wawili, pamoja na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, nalo ndilo funguo ya kizazi cha nyuma. Ila mtoa habari akiwa mkwe, majina hayo huweza kuwa ya kubahatisha.

Kote faharasa hutafutwa bure mtandaoni, picha za kurasa zenyewe hulipiwa. Mwenye bajeti ndogo na jina la kawaida aanze na sensa. Anayejua tarehe ya kifo aanze na hati.