Kunekune bustanini: wanakata nyasi vizuri, lakini msiwatarajie walime

Nguruwe wa Kunekune wanatangazwa sana hapa Marekani kwa watu wenye shamba dogo la nyumbani, na matangazo mengi huahidi mambo mawili kwa pamoja: kwamba mnyama huyu atakula nyasi bila kuharibu ardhi, na kwamba atakulimia bustani. Ninafuga wawili, madume waliohasiwa wa mama mmoja, katika eneo lisilofika ekari mbili huku Kentucky, nikiwahamisha kati ya miti ya matufaha na matuta ya mboga kufuatana na msimu. Kwa niliyoyaona, ahadi hizo mbili haziwezi kutimizwa na pua moja. Ya kwanza ni ya kweli kwa kiasi kikubwa na ndiyo inayonifanya niwape nyota nne kati ya tano. Ya pili ni maneno ya biashara.

Kwa asiyewajua, hawa ni nguruwe wa New Zealand waliofugwa na Wamaori, na walikuwa wamebaki wachache sana hadi Michael Willis na John Simister walipoanza kuwakusanya na kuwazalisha mwaka 1978. Ni wafupi, wanene, wenye manyoya mengi, na wengi wana vinyama viwili vinavyoning'inia chini ya taya kama vya mbuzi. Neno "wadogo" katika matangazo lisimdanganye mtu, kwa sababu mkubwa aliyekomaa anaweza kuwa na uzito wa kilo 60 hadi 200, na hakuna anayembeba mnyama wa namna hiyo kumrudisha bandani akigoma. Jambo la kuzingatia hasa ni pua yake, ambayo ni fupi na imepinda kuelekea juu. Pua hiyo inamruhusu kung'ata nyasi karibu kabisa na ardhi, na hiyo hiyo inamnyima urefu na nguvu za kufukua walizonazo nguruwe wengine.

Chini ya miti ya matunda sijaona mnyama anayefaa zaidi. Wanapiga magoti ya mbele na kula wakisogea taratibu, wakichagua kwanza majani machanga na klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kisha wanarudi kwenye nyasi ngumu. Matufaha yanayoanguka kabla ya kuiva, ambayo mara nyingi yana viwavi ndani, huliwa yote kabla viwavi hao hawajaingia ardhini, na faida hiyo peke yake inatosha kumshawishi mwenye miti michache asiyependa kupiga dawa. Hata hivyo miti michanga inahitaji kuzungushiwa waya imara, kwa kuwa wakijikuna kwenye shina bichi wanalichubua ganda. Mvua ikinyesha mfululizo ni lazima watolewe, kwani miguu yao midogo iliyobeba uzito mkubwa inaushindilia udongo mbichi hadi maji yanatuama juu yake.

Kwenye matuta hadithi ni tofauti. Niliwaingiza baada ya baridi ya kwanza kuua mimea ya maboga, na walimaliza mashina ya maboga yanayotambaa, majani ya sukuma wiki yaliyozeeka, na maboga yenyewe waliyoyapasua kwa kuyasukuma dhidi ya ubao wa tuta. Eneo lilibaki safi, limekanyagwa na kurutubishwa, lakini halikulimwa: jembe lilihitajika kama kawaida. Palipokuwa na viazi vitamu tu ndipo walipofukua kwa bidii. Walikula matembele kwanza, kisha wakafuata viazi vidogo vilivyosahaulika ardhini, wakiacha mashimo ya kina cha kiganja kila mahali. Kwa hiyo anayetafuta nguruwe wa kuvunja pori au kung'oa mizizi ya magugu sugu atafute aina yenye pua ndefu zaidi, mathalani American Guinea Hog, nguruwe mweusi wa majimbo ya kusini ambaye pia si mkubwa lakini hufukua zaidi.

Muuzaji aliyeniuzia, ambaye simtaji, hakusema lolote kuhusu samadi, na nadhani ni wajibu wa kila anayeuza mnyama kwa ajili ya bustani kulieleza hili. Samadi mbichi ya nguruwe inaweza kuwa na bakteria na mayai ya minyoo, na mayai ya minyoo hudumu udongoni kwa muda mrefu. Kanuni za kilimo hai za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa mazao mengine. Mimi si mkulima aliyesajiliwa kwa kilimo hai, ila nafuata hesabu hiyo: nguruwe huingia bustanini vuli na kutoka kabla ardhi haijaganda, basi. Anayefikiria kuwaweka kati ya mistari ya mchicha wakati wa kiangazi aachane na wazo hilo, maana mchicha wenyewe hautabaki.

Uzio ndio gharama ambayo wengi hawaiweki kwenye hesabu. Ninatumia wavu wa umeme unaohamishika pamoja na chaja ya sola, na unafanya kazi vizuri kwa masharti mawili. Kwanza, nguruwe wafundishwe umeme wakiwa ndani ya uzio mgumu, kwa sababu nguruwe anayepigwa shoti kwa mara ya kwanza hukimbilia mbele na kupita na wavu wote. Pili, uzi wa chini ukaguliwe kila siku. Wakisukuma udongo au nyasi juu yake umeme unazama ardhini, na wavu unabaki kuwa pambo.

Madai kwamba wanaishi kwa nyasi peke yake hayana msingi. Malisho yakiwa mazuri chakula cha mchanganyiko kinapungua sana, lakini hakiishi, na wakati wa baridi wanahitaji nyasi kavu, chakula chenye protini na maji yasiyoganda. Mabaki ya jikoni yenye nyama, au yaliyogusana na nyama, yasikaribie banda. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 ilitungwa kuzuia magonjwa yanayopita kwa njia hiyo, na majimbo mengine yameongeza masharti yao. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunaijua homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hatuhitaji kuhubiriwa.

Kwa nyama nawapa nyota mbili. Ladha ni nzuri sana, nyama ni nyekundu yenye mafuta yaliyotawanyika ndani, na mafuta ya kupikia yanapatikana kwa wingi. Lakini nguruwe wa kawaida huwa tayari kwa kuchinjwa akiwa na miezi sita hivi, wakati Kunekune anahitaji mwaka mzima au zaidi, na machinjio mengi hutoza ada ya mnyama bila kujali ukubwa wake.

Bei ya mtoto hufika dola mia kadhaa, na wenye cheti cha ukoo kwa ajili ya kuzalishia ni ghali zaidi. Kwa kazi ya bustani cheti hicho hakina maana yoyote: ulizeni madume waliohasiwa, chukueni wawili ili wasikae wapweke, watazameni wazazi wao wakiwa malishoni, na kama pua ya mama ni ndefu na uwanja wake umejaa mashimo, endeleeni kutafuta kwingine. Kabla ya kulipa, piga simu ofisi ya mji au kaunti, kwa kuwa sehemu nyingi humhesabu nguruwe kuwa mifugo ya shambani hata akiwa mfupi kiasi gani.