Mrija wa OMNIgene•GUT au ethanoli ya kawaida? Vifaa vya kukusanyia kinyesi kwa utafiti wa metabolomiki Uganda

Anayepanga utafiti wa chakula na bakteria wa utumbo hapa Uganda hupewa ushauri uleule: agiza OMNIgene•GUT. Ni mrija mdogo wa plastiki wenye kifuniko cha zambarau, mdomo wa njano na majimaji ya kuhifadhia yaliyokwishatiwa ndani. Ni kifaa kizuri, na tutakisifu kinapostahili. Ila kwa metabolomiki, yaani upimaji wa molekuli ndogo zilizomo kwenye sampuli, ni kifaa kisicho chake, na fedha nyingi za utafiti hupotelea hapo.

Mrija huu umetengenezwa kulinda DNA, yaani kukuonyesha ni bakteria gani wamo na kwa uwiano gani. Metabolomiki inauliza jambo jingine: bakteria hao wametengeneza nini kutokana na matoke, kalo (ugali wa wimbi) na maharage yaliyoliwa? Inapima molekuli ndogo kama asetati, propionati, butirati, asidi za nyongo na mabaki ya amino asidi. Mashine inayozipima, masi spektrometa, inataka sampuli isiyo na chumvi nyingi wala kitu chenye tabia ya sabuni, kwa sababu hivyo huzima ishara ya molekuli unazozitafuta. Majimaji ya kutunzia DNA hayakuundwa kwa kuijali mashine hiyo. Mtengenezaji mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana anauza mrija wa pili, OMNImet•GUT, kwa ajili ya metaboliti, yaani hizo molekuli ndogo. Majina yanafanana mno, na afisa ununuzi asiyeelekezwa ataagiza ule wa kwanza kwa kuwa ndio unaotajwa zaidi. RNAlater, majimaji ya kuhifadhia RNA, nayo usiifikirie kabisa kwa kazi hii: imejaa amonia salfeti.

Sasa sifa zake. Kwa DNA, OMNIgene•GUT unatumika kirahisi hata na mtu aliyeachiwa nyumbani peke yake. Fungua kifuniko cha zambarau tu, usiguse sehemu ya njano. Chota kinyesi kwa kijiko kilichomo, jaza mdomo wa njano, sawazisha kwa kukwangua juu, kisha funga na utikise kwa nguvu kwa sekunde 30 au zaidi. Ule mdomo wa njano ndio kipimo, kwa hiyo mizani haihitajiki. Ahadi ya siku 60 bila friji ni ya kweli, lakini soma maandishi madogo: ni kwenye joto la nyuzi 15 hadi 25. Entebbe ndani ya nyumba unaweza kubaki humo. Gulu au Moroto mchana wa Februari, kwenye stoo yenye paa la mabati, haubaki. Makosa ya watumiaji ni mawili. Wengine hung'oa sehemu ya njano na kumwaga majimaji. Wengine hutikisa kwa adabu, mara tatu nne, na donge linabaki zima huku bakteria waliomo wakiendelea na maisha yao.

Lawama kubwa tuliyo nayo ni ya karatasi za kunasia kinyesi zinazouzwa na vifaa vya aina hii. Nyingi zimebuniwa kubandikwa kwenye kiti cha choo cha kukaa. Choo cha shimo hakina kiti. Vijijini Wakiso au kwenye visiwa vya Kalangala karatasi hiyo haina kazi, na mshiriki atabuni njia yake: jani la mgomba, gazeti, au kuchota kutoka sakafuni. Jani lina molekuli zake za mmea, gazeti lina wino, sakafu ina udongo na bakteria wa wengine. Mpe poti ya mtoto, ya plastiki ngumu, iliyooshwa bila sabuni ya manukato na kukaushwa, na umwambie akojoe kwanza kando. Mkojo ukiingia, hipureti na kreatinini zitajitokeza kwenye matokeo, na mchambuzi aliyeko mbali ataziandikia maelezo marefu ya kibayolojia.

Kwa metabolomiki, chaguo letu huku ni ethanoli ya asilimia 95 ya daraja la maabara, kwenye mirija ya polipropilini yenye kifuniko cha kuzungusha na pete ya mpira. Utafiti uliochapishwa 2016 ulilinganisha njia za kukusanyia kinyesi kwa metabolomiki, na ethanoli ya asilimia 95 ikafanya vizuri kwa siku 4 katika joto la chumba. Siku 4 zinatosha kutoka kisiwani hadi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 haifai, na ile ya bluu au zambarau ya dukani ni mbaya zaidi, maana imetiwa methanoli na rangi.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Kinyesi ni maji kwa takribani robo tatu ya uzito wake, na maji hayo huizimua ethanoli yako. Tia miligramu 500 kwenye mililita 4.5 za ethanoli, na utabaki na karibu asilimia 88. Hapo bakteria wanakufa na vimeng'enya vinasimama. Tia gramu 1 kwenye mililita 2, kama tunavyoona mara nyingi kwa sababu mrija mdogo ni rahisi kubeba, na utashuka hadi asilimia 69 hivi. Umerudi kwenye spiriti ya hospitali bila kujua. Kwa kinyesi laini cha mtu anayekula nyuzinyuzi nyingi hali huwa mbaya zaidi kwa kuwa maji yameongezeka.

Na Waganda wengi wa vijijini ni watu wa aina hiyo. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha na wenzake mwaka 1972 vipimo vya kinyesi cha watu wa nchi mbalimbali. Wanakijiji wa Uganda walitoa karibu gramu 470 kwa siku. Baadhi ya Waingereza waliopimwa walizidi gramu 100 kidogo tu. Maana yake kwa maabara: butirati ileile, ikigawanywa kwa uzito wa kinyesi kibichi, itaonekana ndogo kwa mkulima wa Luwero kuliko kwa karani wa Kampala anayekula chapati na mayai. Kwa hiyo chukua sehemu ya pili ya sampuli, ikaushe, na ugawanye kwa uzito mkavu. Usikaushe ile unayotaka kupimia butirati yenyewe. Ni asidi inayoruka na hewa, na mashine ya kukaushia kwa baridi itaiondoa pamoja na maji.

Tukubali pia udhaifu ambao mrija wowote hauwezi kuuponya. Asidi hizi fupi, yaani asetati, propionati na butirati, hufyonzwa na utumbo mpana kwa sehemu kubwa mno, asilimia 90 na kitu. Unachokikuta kwenye kinyesi ni masalia. Anayeuza kipimo cha "afya ya utumbo" na kumwambia mteja kuwa butirati yake iko chini kutokana na sampuli moja tu anauza zaidi ya alichopima.

Maandalizi ya mirija ya ethanoli yanachukua asubuhi nzima, nayo ndiyo bei halisi ya kuwa nafuu. Tia shanga 3 za kioo kila mrija ili donge livunjike. Jaza ethanoli, bandika lebo ya friza, kisha pima uzito kwa mizani ya gramu 0.001 na uandike. Mrija ukirudi, pima tena. Tofauti ndiyo uzito wa kinyesi. Mizani ya jikoni ya gramu 1 haina maana hapa. Andika kwa penseli, kwa sababu ethanoli ikivuja kidogo hufuta kalamu ya wino yote na utakuwa na sanduku la mirija isiyo na wenyewe. Katika kila mirija 20, acha 1 bila kinyesi, isafiri na mingine kwenye bodaboda ileile na kurudi. Plastiki hutoa molekuli zake ndani ya ethanoli, na mrija huo mtupu ndio utakaokuonyesha zipi ni za plastiki. Mwagizaji akibadilisha aina ya mirija katikati ya utafiti, una tafiti mbili.

OMNImet•GUT unaondoa kazi hiyo yote ya asubuhi, na kwa utafiti wa watu 30 wenye bajeti nzuri tungeuchukua bila kusita. Muda wake katika joto la chumba huhesabiwa kwa siku, si kwa miezi kama ndugu yake wa DNA, kwa hiyo usiuache ofisini ukisubiri gari la Ijumaa ijayo. Kwa watu 400, bei pamoja na ushuru wa kuingiza vinaulemea.

Dodoso la chakula ni sehemu ya kifaa, hata kama haliji ndani ya boksi. Uliza saa 48 zilizopita na uulize samaki kwa jina. Mputa (sangara) na ngege (sato) wa Ziwa Victoria wana TMAO, molekuli ambayo watafiti huihusisha na bakteria wanavyochakata nyama na mayai, ndani ya nyama yao wenyewe, ingawa ni samaki wa maji baridi. Mtu aliyekula mputa jana usiku atakuwa na TMAO juu kwenye mkojo, na hilo halisemi lolote kuhusu bakteria wake wanavyochakata nyama au mayai. Uliza pia dawa za antibayotiki za miezi 3, na uliza kwa kutaja vidonge vyenyewe, kwani duka la dawa la mtaani huviuza bila karatasi na mnunuzi huviita tu "dawa ya tumbo".

Kusafirisha nje ya nchi: kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na mkataba wa kuhamisha sampuli vianze kabla ya kuagiza mrija wa kwanza. Kwenye ndege ethanoli ni mzigo wa hatari wenye namba UN1170. Kwa utaratibu wa viwango vidogo unaruhusiwa mililita 30 kwa chombo cha ndani na mililita 500 kwa boksi zima. Kwa mirija ya mililita 4.5 hiyo ni mirija 111 kwa boksi, na mirija mitupu ya ulinganisho imo kwenye hesabu hiyo. Ukichagua barafu kavu, weka ya ziada kwa siku 2 zaidi ya ratiba ya ndege, na mwambie mpokeaji asikubali boksi linalotua Ijumaa jioni.

Maelekezo yaliyomo ndani ya boksi hayana Luganda wala Kiswahili. Chapisha kadi ya picha 6, moja kwa kila hatua. Picha ya kutikisa iwe kubwa kuliko zote, na namba 30 iandikwe juu yake.