TAHADHARI: Kuna mtu anauza seti za injini za Beetle na Kombi kwenye maboksi ya kughushi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Kuna mtu anauza spea za injini za Volkswagen za zamani, zile za kupozwa na hewa. Anajitangaza kwa picha mtandaoni na kumalizana na wateja kwa WhatsApp. Anasema ana pistoni, silinda, beringi na hedi (vifuniko vya juu ya silinda) "OG kutoka Ujerumani", yaani orijino. Amenipiga shilingi 2,030,000. Nimesubiri wiki mbili kabla ya kuandika, kwa sababu nilitaka kuandika nilichopima kwa mikromita na siyo ninachohisi moyoni.

Jina la ukurasa wake sitaliweka hapa. Suala liko polisi, nina RB (namba ya taarifa ya polisi), na isitoshe jina hilo ameshalibadilisha mara moja tangu tuanze kuzozana. Ukilishika jina utamkosa kesho. Shika anavyofanya kazi.

Gari ni Beetle ya mwaka 1972, injini 1600, ya marehemu baba. Alilinunua likiwa limeshatumika, akalitumia kwenda kufundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na njia ya kwenda Marangu lilikuwa likiipanda bila kulalamika. Wenye umri mnakumbuka magari haya yalivyokuwa mengi. Mwaka 1962 Volkswagen ilishinda mbio za Safari, mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na walioshuhudia zile barabara hawakuhitaji tangazo jingine. Basi mwaka jana injini ikaanza kugonga na kutoa moshi wa buluu. Tukaishusha, mimi na mzee mmoja fundi hapa Moshi ambaye amezifungua injini hizi tangu akiwa kijana. Krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikapelekwa kwa fundi wa mashine, sehemu zake zinapokaa konrodi (mikono inayoiunganisha na pistoni) zikasagwa hatua ya kwanza, kutoka milimita 55 hadi 54.75. Hapo ndipo nikaanza kutafuta spea.

Nilipompata huyu muuzaji aliniita kaka kila sentensi. "Kaka mzigo ni OG kabisa, stoo iko Kariakoo, zimebaki seti mbili." Nikamwomba apige picha ya pistoni ikiwa kwenye mizani. Akasema boksi likifunguliwa linapoteza thamani. Nikamwomba ndugu yangu aliyeko Dar aende kuangalia, akasema stoo inafanyiwa hesabu. Nilitakiwa niachie hapo. Lakini picha zilikuwa nzuri, boksi lina jina la kampuni kubwa ya Ujerumani, na mimi nilikuwa na injini ya baba imetawanyika kwenye meza. Nikatuma nusu. Nusu nyingine akaidai mzigo ukiwa tayari kwenye basi, kabla sijaupokea. Nikatuma nayo.

Mzee alipoona maboksi hakusema kitu. Alichukua pistoni nne akazipanga mezani zikitazama juu, akaniuliza, "Mwanangu, mishale iko wapi?" Pistoni ya injini hii huwa na mshale juu ya kichwa, na wakati wa kufunga mshale huo lazima uelekee fulaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki), kwa sababu tundu la pini haliko katikati kabisa. Pistoni mbili zilikuwa na mshale. Mbili hazikuwa nao. Maana yake boksi moja, lenye lakiri ya plastiki iliyobana vizuri, lilikuwa na pistoni za viwanda viwili tofauti.

Tukazipima kwa mizani ya jikoni, ile ya dijitali ya kupimia unga wa keki. Nzito kuliko zote iliipita nyepesi kwa gramu 17. Kwa injini moja tofauti haitakiwi kuzidi gramu 10, na mafundi wazuri hawakubali hata 5. Injini ya silinda nne zinazolala mbili kila upande inategemea uzito huo kulingana ili itulie. Ukiifunga na pistoni za namna hii itatetemeka, na mtetemo huo utaubebesha krenki na boksi la injini, ambalo ni la aloi ya magnesi, siyo chuma. Beringi zikilegea kwenye boksi hilo, hakuna spea ya kurudisha nyama iliyoliwa. Utaanza kutafuta fundi wa kulichonga upya na beringi za nje nene.

Silinda zilinisikitisha zaidi. Injini hii ya 1600 haina gasketi kati ya silinda na hedi. Chuma kinakalia chuma, na hedi moja inakalia silinda mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo silinda za upande mmoja zikitofautiana urefu, hedi itabana moja na kuacha nafasi juu ya nyingine, na moto utapenya pale palipoachia. Tulisimamisha silinda zote nne kwenye kioo kinene na kupima urefu. Tatu zilikaribiana. Ya nne ilikuwa fupi kwa 0.11 mm. Kwa macho huwezi kuona. Kwa injini ni shimo.

Halafu mapezi, yale mabamba membamba yanayoizunguka silinda kuipoza. Kati ya pezi na pezi kulikuwa na kingo za chuma cha kumwaga ambacho hakikusafishwa, sehemu nyingine nafasi imezibika kabisa na mchanga wa kiwandani umo bado. Injini isiyo na maji inapozwa na hewa inayopita hapo tu, na oili. Oili yenyewe ni lita 2.5. Injini za kabla ya modeli ya 1971 ndizo mbaya zaidi kwa jambo hili, kwa sababu kipoza oili kimekaa ndani ya nyumba ya feni, kikiikinga silinda namba 3 isipate hewa ya kutosha. Ndiyo maana valvu ya egzosti ya namba 3 inajulikana kwa kukatika kichwa. Ukiweka silinda yenye mapezi yaliyozibika hapo, umeiongezea moto ile inayoungua kwanza.

Hayo yote ungeweza kusema ni ubovu wa kiwanda. Kilichofuata ni wizi.

Beringi za konrodi zilikuwa kwenye boksi lililoandikwa 0.25, na mgongoni mwa kila kipande pamechorwa 0.25. Nilifurahi, ndiyo saizi niliyotaka. Mzee akachukua kipande kimoja cha beringi za zamani tulizotoa, ambazo zilikuwa standadi (saizi ya krenki isiyosagwa), akapima sehemu ambayo haijaliwa, pembeni. Halafu akapima mpya. Unene ni ule ule! Hesabu yake ni rahisi na naomba muishike: krenki ikisagwa 0.25, kila nusu ya beringi lazima iwe nene zaidi kwa 0.125 mm, maana nusu mbili zinagawana pengo hilo. Hizi hazikuongezeka hata chembe. Tukaangalia ule mchoro kwa lenzi. Umeandikwa kwa kalamu ya umeme ya kuchorea chuma, mkono wa mtu, na chini yake alama ya zamani imekwaruzwa. Mtu alikaa chini na beringi za standadi, akafuta, akaandika saizi niliyomwambia mimi kwenye WhatsApp siku mbili kabla.

Ningezifunga, injini ingewaka. Oili ikiwa baridi ingeonyesha presha nzuri. Ikishapata moto, kwenye mlima, oili ingekimbilia kwenye lile pengo, na konrodi ingetoka nje kupitia ubavu wa boksi la injini. Anayejua injini hizi anajua hilo siyo maneno ya kutishana.

Hedi mbili nazo. Alisema mpya. Zilikuwa zimepigwa rangi ya fedha, nzuri kweli kweli. Mzee hakuamini rangi kwenye hedi ya aluminiamu, akanituma mafuta ya taa na chaki. Kama hamjui njia hii: osha rangi yote, loweka sehemu ya chumba cha moto kwa mafuta ya taa kwa saa chache, ifute ikauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Palipo na ufa mafuta yatatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Mistari ilitokea kwenye hedi zote mbili, kutoka kiti cha valvu hadi tundu la plagi. Moja ilishachomelewa na kusagwa juu.

Nilimpigia. Mara ya kwanza alisema fundi wangu hajui kupima. Mara ya pili alisema spea za injini hazirudishwi. Mara ya tatu namba haikupatikana.

Sasa kuhusu neno "OG". Beetle ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Zipo spea za zamani zilizobaki kwenye stoo za watu, na zipo kampuni zinazotengeneza hadi leo, nyingine nzuri sana. Sina ugomvi na spea isiyo ya kampuni mama. Nimeona seti za bei ya chini ambazo ukizipima, ukasafisha mapezi kwa tupa nyembamba, ukalinganisha uzito, zinafanya kazi miaka. Lakini hapo umenunua ukijua unachonunua, na umetenga pesa ya kazi ya kusahihisha. Huyu amechukua mabaki ya seti za bei ya chini na hedi chakavu, akayavisha jina la watu, akauza kwa bei ya jina hilo.

Kwa hiyo kwa mtu yeyote anayekuuzia, awe huyu au mwingine: asipokubali ufungue boksi na kupima kabla pesa haijatoka mikononi mwako, mwache. Omba picha ya kila pistoni kwenye mizani, namba ionekane. Omba silinda zisimamishwe pamoja na rula ya chuma ilale juu yake, ingawa kwa tofauti ndogo kama yangu rula haitoshi. Sukuma ringi ya pistoni ndani ya silinda na upime pengo lake, linatakiwa kuwa kati ya 0.30 na 0.45 mm kwa ringi za juu. Beringi ziende kwa fundi wa mashine zikiwa kwenye boksi lake, na krenki pamoja nazo. Hedi iliyopakwa rangi usiinunue hata ukipewa kwa nusu bei. Na kama uko mkoani kama mimi, mlipe ndugu nauli ya daladala aende dukani. Nauli ile niliyoona siyo lazima ingeniokoa milioni mbili.

Namba aliyoitumia kupokea pesa nimeshaituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na bidhaa za kughushi jina nimeandikia Tume ya Ushindani, maana kazi hiyo ni yao. Kama umeuziwa na mtu wa aina hii miezi ya karibuni, na ulipewa boksi jeupe lenye mstari wa buluu ambao wino wake unatoka ukisugua kwa kidole chenye mate, niandikie faragha. Usitume jina lake hadharani. Tuma picha ya mgongo wa beringi, tulinganishe mwandiko wa ile 0.25, kwa sababu mkono ni mmoja na askari aliyeshika faili langu ameomba mifano zaidi.

Vitu vyote ninavyo bado, sijarudisha wala kutupa. Viko kwenye karakana ya mzee, pistoni zimepangwa vile vile mezani, mbili na mshale, mbili bila.