Oili ya giaboksi kwa MGB na jamaa zake: ipi ununue, ipi uiache dukani

Muuzaji wa spea akisikia neno "giaboksi", mkono wake unaenda moja kwa moja kwenye kopo la oili ya gia, namba 90 au 140. Kwa MGB hapo keshakosea. Kitabu cha gari hili dogo la michezo, lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, kinataka oili ya injini ndani ya giaboksi: 20W-50, ileile unayotia kwenye injini. Oili ya gia kazi yake ni kwenye difu. Wenye MGB wengi wamewahi kubishana na fundi kuhusu jambo hili, na mara nyingi fundi ndiye anayeshinda kwa sababu ana sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jua giaboksi yako ni ya ukoo gani. Ukoo wa BMC (kampuni ya British Motor Corporation), yaani MGA, MGB, Austin-Healey 3000, pamoja na Midget na Sprite zenye injini ndogo ya A-Series, unatumia oili ya injini. Ukoo wa Triumph, yaani Spitfire, GT6 na zile TR za zamani hadi TR6, unatumia EP90, ambayo ni oili ya gia kweli. Inayowachanganya watu ni MG Midget 1500 ya miaka ya mwisho. Nembo ni ya MG, lakini injini ni ya Spitfire na giaboksi nayo ilibadilishwa, kwa hiyo ushauri wa Midget za awali hauihusu. Tafuta kitabu cha 1500 chenyewe.

Swali la pili: una ovadraivu, yaani gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini barabarani, au huna? Ile ya Laycock de Normanville imefungwa nyuma ya giaboksi na inatumia oili hiyohiyo. Ndani mna pampu inayosukuma oili kwa presha kubwa, na presha hiyo ndiyo inayosogeza klachi yenye umbo la koni. Klachi hiyo imelowa oili muda wote, ila ni lazima ishike. Ukitia oili yenye dawa nyingi za utelezi, ovadraivu itaanza kuteleza: unabonyeza swichi, mshale wa mizunguko ya injini unashuka polepole badala ya kushuka mara moja, halafu ukikanyaga mafuta unapanda tena bila gari kuongeza mwendo. Basi zile chupa ndogo za "dawa ya oili" zenye molibdenamu zisikaribie giaboksi ya namna hiyo, hata ukipewa bure.

Sasa geuza kopo usome nyuma, kwani jina kubwa la mbele halikusaidii sana. Kwenye oili ya gia tafuta herufi GL, zinazotaja daraja la oili. GL-4 na GL-5 zinafanana kwa rangi na harufu, lakini GL-5 ina dawa za salfa na fosforasi kwa kiasi cha karibu mara mbili. Dawa hizo zinahitajika kwenye difu ya haipoidi, ambako meno ya gia yanasuguana kwa nguvu huku yakiteleza. Kwenye giaboksi ya zamani kuna ringi za sinkro na bushi za shaba, na salfa kali huila shaba, hasa oili ikipata moto. Tena ringi ya sinkro inahitaji kuishika koni ya gia ili zizunguke kwa kasi moja kabla ya kuingia. Oili ikiwa telezi mno, ringi haishiki, na gia inakwaruza hata kama haijachakaa.

Jambo jingine linaloponza wanunuzi ni namba za uzito. Oili ya injini na oili ya gia zinapimwa kwa vipimo viwili tofauti. Gia namba 90 kwenye joto la kazi ina uzito unaokaribiana na injini namba 50. Kwa hiyo anayekuambia kwamba 20W-50 ni "maji matupu" ukilinganisha na 90 anasoma namba tu.

Kwa MGB, mimi nazipanga hivi:

1. Oili ya injini 20W-50 ya kawaida, isiyo sinthetiki. Ndiyo iliyoandikwa kitabuni, ovadraivu inaipenda, na shaba haiguswi. Afrika Mashariki tuna bahati hapa, maana Uingereza kwenyewe siku hizi mtu huagiza kopo la oili ya magari ya zamani, kama Castrol Classic XL au Millers Classic, wakati Nairobi au Dar es Salaam 20W-50 ipo kwenye vituo vya mafuta. Sioni sababu ya kulipia kopo lenye picha ya gari la kale kwa ajili ya giaboksi, labda kama unalinunua kwa ajili ya injini pia. Kama una ovadraivu, kuna chaguo lisilofikiriwa sana: 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Kipimo hicho ni cha oili za pikipiki zenye klachi inayooga ndani ya oili, kwa hiyo haina utelezi wa ziada. Bodaboda wanaijua vizuri. Udhaifu wa 20W-50 ni asubuhi ya baridi, pale gia ya pili inapokuwa nzito kwa kilomita chache za mwanzo. Limuru utaliona hilo, Mombasa sidhani.

2. Sinthetiki ya GL-4 iliyotengenezwa kwa ajili ya giaboksi, kama Red Line MT-90. Hii ndiyo ninayompendekezea mwenye MGB isiyo na ovadraivu, au yenye sinkro zilizoanza kuchoka. Gia zinaingia laini zaidi, na tofauti unaisikia mkononi. Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Bei, kwanza. Pili, mafundi wengi wa ovadraivu Uingereza hawataki sinthetiki kabisa, ingawa wapo wenye magari wanaoitumia bila shida. Tatu, sili kuukuu zilizokuwa zinavujisha kidogo zinaweza kuanza kuvujisha vizuri. Halafu angalia kipimo cha chupa: Red Line huuzwa kwa kwati ya Kimarekani, mililita 946. Giaboksi ya MGB yenye sinkro kwenye gia zote nne inataka karibu lita 3, na ikiwa na ovadraivu karibu lita 3.4. Chupa tatu zitakupungukia, kwa hiyo agiza nne.

3. EP90 yenye alama ya GL-4 peke yake. Kwa Spitfire na TR6 hii ndiyo namba moja, wala usihangaike na nyingine. Kwa MGB inashuka hadi nafasi ya tatu, ingawa haitaua kitu. Baadhi ya watu huitia makusudi ili kupunguza kelele za beringi zilizochakaa. Inapunguza kweli, na beringi zinaendelea kuchakaa kimyakimya, jambo ambalo mnunuzi wa gari kuukuu anapaswa kulikumbuka anapoambiwa giaboksi haina kelele.

4. 75W-90 iliyoandikwa GL-4/GL-5 pamoja. Mara nyingi ina nguvu ya GL-5, na mtengenezaji anakuahidi kwamba dawa zake hazidhuru shaba. Huenda ni kweli. Ila hakuna sababu ya kucheza bahati nasibu na ringi za sinkro wakati 20W-50 ipo dukani jirani.

GL-5 tupu, iwe 80W-90 au 85W-140, ipeleke kwenye difu, hapo ni mahali pake. Oili ya giaboksi za otomatiki usiitie. Ipo kwenye baadhi ya giaboksi za manyuo za baadaye, lakini si hizi.

Kabla ya kulaumu oili uliyonayo, jua umri wa giaboksi yako. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 hazina sinkro kwenye gia ya kwanza. Ukiipiga gari likiwa bado linatembea, itakwaruza, na hakuna oili ya bei yoyote itakayoizuia. Simama kabisa ndipo uingize.

Siku ya kumwaga, endesha kwanza oili ipate moto, na fungua sehemu ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Ikigoma ya kujazia baada ya kumwaga, umekwama. Kwenye MGB nyingi kijiti cha kupimia kiko chini ya zulia, pembeni ya handaki la giaboksi, kimefunikwa na plagi ya mpira. Za baadaye zina nati ubavuni. Pokea oili kwenye beseni safi na uitazame juani. Vumbi la dhahabu linaloelea ni shaba ya sinkro, na kidogo tu si cha kutisha. Pitisha sumaku: vipande vinavyonata ni vya chuma, na hivyo ndivyo vya kukupeleka kwa fundi. Mwenye ovadraivu asafishe na chujio lake, ajaze hadi alama, aendeshe kidogo akiiwasha na kuizima, kisha apime tena, maana itakuwa imevuta oili yake.