Pakiti ya raba na kofia za nati kwa ukaguzi wa IVA: nunua nusu yake tu

Hamjambo wadau, karibuni tena gerejini. Leo mezani nina kitu mlichoniulizia sana, hasa nyie mnaojiundia magari huku Uingereza: hii pakiti ya raba za kufunika kingo na kofia za plastiki za kufunika nati, inayouzwa kwa ajili ya ukaguzi wa IVA. Jibu nalitoa mapema, mwenye haraka aende zake: raba nunua, kofia nunua kwa saizi zako mwenyewe, pakiti nzima achana nayo. Pesa itakayobaki ipeleke kwenye stelingi. Nitaeleza kwa nini.

Kwa wageni, kidogo tu. Gari la kujiundia nyumbani huku halipati namba hivi hivi. Linapita kwanza IVA, ukaguzi wa gari moja moja unaofanywa na DVSA, wakala wa serikali wa ukaguzi wa magari, ambao mwaka 2009 ulichukua nafasi ya ule wa zamani ulioitwa SVA. Breki, taa, mikanda, moshi, kelele, vioo, vyote vinaangaliwa. Ukifaulu unapewa cheti, ndipo unakwenda DVLA, wakala wa usajili wa magari, kuomba namba. Gari langu mnalijua: umbo la Lotus Seven, kile kigari kidogo cha michezo kilicho wazi, injini na giaboksi za Mazda MX-5, matairi ya mbele yako nje na mikono ya saspensheni inaonekana yote. Umbo hili tamu kwa macho, lakini ndilo linalompa mkaguzi kazi nyingi.

Kanuni yenyewe ni hii. Mkaguzi ana tufe lenye kipenyo cha milimita 100. Popote tufe hilo linapogusa kwa nje, ukingo uwe umeviringwa kwa nusu kipenyo cha angalau milimita 2.5, isipokuwa kama kitu chenyewe ni laini, ugumu wake usizidi 60 kwa kipimo cha Shore A. Lengo ni mtembea kwa miguu: ukimgonga, bati lisimchane. Kwa hiyo ukingo wa madigadi, tundu la eksozi kwenye bodi, bano la taa, nati za wishboni (hiyo mikono ya saspensheni), vyote vinahusika.

Sasa tazameni hii raba kwa karibu. Nimeikata hapa kwa plaiasi ya kukatia waya. Mnaona? Ina umbo la U, na ndani kuna vijino vya chuma vinavyong'ata bati. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Kwenye pakiti hii kuna nyingine nyembamba, haina chuma ndani, inategemea kubana tu. Naiweka kwenye bati hili… navuta kwa kidole gumba… imetoka. Mkaguzi naye atavuta hivi hivi, na raba inayotoka kwa kidole hahesabu kama ipo. Yenye chuma ukiiweka, pitisha kwanza gundi ya poliyurethani ndani ya mfereji, si silikoni ya bafuni, halafu iache usiku kucha. Kwenye kona kali usiilazimishe kukunja, maana itainuka. Kata kipande kidogo cha V upande wa ndani, italala yenyewe.

Kofia za nati. Kwenye pakiti wamejaza za spana 13 na 17, yaani bolti za M8 na M10. Za 19 wameweka chache mno, na kwenye gari langu ndizo zinazotakiwa kwenye mikono ya mbele. Plastiki yenyewe sina ugomvi nayo, inashika vizuri. Ila kabla ya kufunika nati, hakikisha imekazwa na umeipiga alama ya rangi. Kofia inaficha nati iliyolegea, na hapo ndipo mimi naogopa kuliko ncha yoyote. Hivi vipande vya sponji vya dashibodi sitavizungumzia sana: vibandiko vyake dhaifu. Kama una swichi zinazotokeza mbele ya abiria, zihamishe.

Haya, stelingi. Mkaguzi anataka usukani ukiachiwa baada ya kona uwe na nia ya kurudi kati wenyewe. Gari nyepesi namna hii mara nyingi usukani unabaki pale pale ulipouacha. Hakuna raba itakayotibu hilo. Kinachofanya kazi ni kasta: mhimili ambao tairi linazungukia ulale nyuma kwa juu, kama uma wa baiskeli ulivyolala, ndiyo maana unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda. Kwenye saspensheni yangu nalegeza wishboni ya juu, nahamisha washa za nafasi (vile visahani vya kuachanisha) kutoka nyuma kwenda mbele ili boljointi ya juu, kiungo kinachoshika tairi kwenye wishboni, irudi nyuma. Milimita chache tu, usukani unabadilika tabia. Baada ya hapo lazima urudi kwenye mashine ya alaimenti, ya kupimia pembe za matairi, kwa sababu pembe nyingine zote zimeguswa. Wapo wanaocheza na upepo wa tairi za mbele ili siku ile ipite. Sawa, lakini kesho yake ni wewe uko motowei.

Kelele, haraka: kikomo ni desibeli 99, kipaza sauti kikiwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa eksozi, injini ikizunguka kwa robo tatu ya mzunguko inaotoa nguvu ya juu. Injini hii nguvu yake ya juu iko kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, kwa hiyo ni 4,875. Eksozi ya ubavuni yenye mafla fupi itakusumbua. Na spidomita isionyeshe pungufu ya mwendo halisi hata kidogo. Kuzidisha kuna nafasi: kwenye maili 70 halisi inaweza kusoma hadi 83. Ukibadilisha saizi ya tairi, pima upya.

Basi raba yenye chuma agiza kwa mita, kofia agiza baada ya kuzunguka gari na spana ukiandika saizi. Mwenye swali la kasta aniwekee picha ya wishboni ya juu aliyoipiga kwa ubavu, gari likiwa limesimama kwenye matairi yake, si kwenye jeki. Ya kwenye jeki sitaweza kukujibu.