Turubai la kulalia porini Lindi na Mtwara: lipi ununue

Namba moja kwangu ni turubai la plastiki la kufumwa, la uzito wa kati, lile lile wanaloanikia ufuta na korosho. Halinyonyi maji, na la mita 3 kwa 4 linaingia kwenye begi bila kukuvunja mgongo. Watu wawili na mizigo yao wanaenea. La mita 2 kwa 3 liache. Mvua ya upepo itakulowesha miguu usiku kucha.

Tatizo ni kwamba mabovu ni mengi. Usinunue likiwa limekunjwa. Lifunguliwe, liinuliwe juani, nawe utazame kwa chini: ukiona vitundu vya mwanga, mrudishie mwenyewe. Finya kona moja mkononi mara kadhaa. Likianza kubanduka vigamba, hilo limeshachoka kabla hujalitumia. Kisha ingiza kidole kwenye pete ya kufungia kamba uvute kwa nguvu. Pindo la maana lina kamba ndani, na pete imeshika pindo zima, siyo ukingo tu. Hata pete ikichomoka porini, weka kokoto laini kwenye kona, ifunike kwa turubai, kaza kamba chini yake. Inashika kuliko pete yenyewe.

La pili ni nailoni nyepesi yenye silikoni, ya watembezi. Kwa anayebeba mzigo kwa miguu siku nyingi, hii ndiyo ya kwanza. Lakini huku kwetu kuipata ni mpaka uagize, bei yake si ya mchezo, na cheche moja ya moto inaitoboa. Unakwenda msitu wa Rondo, huko Lindi, kwa bodaboda? Hela hiyo nunua chandarua kizuri, maana turubai halina kuta na mbu wa masika hawana adabu.

La tatu, PVC ya lori, lile turubai nene la plastiki la kufunikia mizigo. Halivuji, ila mita moja ya mraba ina gramu 600 hivi, kwa hiyo la 3 kwa 4 linapita kilo 7. La wenye gari.

Turubai la pamba linapumua vizuri, lakini likilowa linakuwa zito, na ukilikunja bichi linaota ukungu. Nailoni nyeusi ya kukata kwa mita, yaani plastiki tupu isiyofumwa, ni ya dharura tu. Upepo ukiipata inachanika kuanzia penye fundo.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na korosho huanza kuanikwa kabla mvua hazijashika, Septemba au Oktoba hivi. Nunua mapema, kabla wakulima hawajaanza kuyatafuta.

Kamba ya manila chukua ya kutosha. Ile ya juu, kati ya mti na turubai, ifungie kipande cha kitambaa kila upande, kining'inie nje: maji yanayoteremka toka mtini yanadondokea hapo, hayafiki ulipolala.